Efrazia na Redio ya Gari la Wagonjwa

Kitendawili, wajukuu zangu! Ana mdomo, ana sikio. Akisema hasikii, akisikia hasemi. Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, nimeuchukua Lukozi. Jibu ni redio ya gari la wagonjwa, ile inayopeleka maandishi.

Asubuhi hiyo Hidaya, fundi redio, aliifungua kwenye kiti cha mbele, na dereva Danieli akamshikia skrubu. Nyuma, juu ya kitanda cha wagonjwa, zilipangwa kabichi za bosi wa Danieli, za kwenda sokoni.

"Tangu masika haipokei wito," alisema Danieli. "Inaandika tu yenyewe."

Hidaya alimwonyesha kwa ncha ya bisibisi. Hapa herufi zinageuzwa milio. Hapa milio inapewa nguvu, ipande kwenye antena. Upande huu inasikilizwa ya wengine. Katikati lango ni moja, kutoka na kuingia kwa zamu. Na hapa ndipo swali linapotunzwa, likirudiwa na kurudiwa mpaka lijibiwe.

Langoni alikaa Efrazia wa Gare, mdogo kama punje ya haragwe, kanga yake ikidondosha damu kwenye waya. Alizikwa mwezi wa nne, na mtoto tumboni.

"Shikamoo, dada," alisema Hidaya.

"Marahaba. Angalia bisibisi yako, hilo goti langu."

Kwenye kioo yakapita maneno yake ya kila siku: GARI LIKO WAPI?

"Mtoe basi, fundi."

"Hatoki. Na akiuliza yeye, redio haisikii mwingine. Muuguzi wa zahanati ya Malindi, hii ya huku kwetu, ndiye aliyenituma. Mjamzito wao, Secilia, ana uchungu wa kuzaa tangu alfajiri, wito wao hauingii. Mjibu huyu, apishe."

"Zahanati zote zitasoma."

"Zitasoma."

"Na bosi je?"

"Si naye ana kioo ofisini?"

Danieli aliweka skrubu kwenye kifuniko cha chupa ya chai, zisipotee. Akafuta vidole kwenye suruali. Efrazia alijisogeza kidogo, herufi zipate njia, akangoja. Danieli akaandika taratibu, kwa kidole kimoja:

LILIKUWA SOKONI NA KABICHI. NILIKUSOMA, NIKAENDELEA KUSHUSHA. HATA SASA LIMEBEBA KABICHI.