Nukta Chini ya Katikati

Fundi aliiona nukta ile dukani, kwenye kioo cheupe, wakati mdogo wake ameinama kufunga kamba ya kiatu. Ilikuwa nyeusi, ndogo kuliko mbegu ya ufuta, upana wa kidole kimoja chini ya katikati ya kioo. Pikseli moja iliyokufa, chembe ya kioo isiyowaka tena. Angeweza kusema. Monita nyingine ya aina ile ile ilikuwa rafuni nyuma yake, imechubuka fremu tu, kioo chake kizima. Badala yake akabonyeza kitufe, kioo kikawa cheusi tii, nukta ikamezwa na giza.

"Vipi, kaka?" mdogo wake akauliza, akijiinua.

"Chukua hii."

Haki itendeke: katika mengine yote alimshauri kindugu. Mdogo wake huyo wa kike, ambaye wachezaji wenzake wa gemu la kompyuta la kupigana risasi walimwita Sindano kwa jinsi risasi zake zilivyopenya tundu lolote, alikuwa ameingia dukani ameishupalia monita kubwa ya inchi ishirini na saba, iliyopinda kama kigae. Fundi alimwambia hiyo ni sura nzuri, miguu mizito. Inaonyesha picha sitini tu kwa sekunde, na adui akichungulia pembeni ya ukuta, wewe utapewa taarifa ukishazikwa. "Hununui sinema," alimwambia. "Unanunua jicho." Akamwelekeza kwenye hii ya inchi ishirini na nne, bapa, iliyotumika, yenye kupiga picha mia moja arobaini na nne kwa sekunde. Ilikuwa imepotelewa na mguu wake wa kiwandani, na kwa ajili ya mguu huo tu bei yake ilishikika. Tajiri wa duka, akinywa chai kaunta, alilalamika kwamba hajui kama ameajiri fundi au wakili wa wateja.

Nyumbani Fundi hakulaza damu. Walikuwa watatu katika vyumba viwili: mama yao, aliyeshona nguo sebuleni tangu asubuhi mpaka mgongo ukatae, Sindano, aliyelala chumba kimoja na mama na mafungu ya vitambaa, na yeye. Aliunga mguu mpya kwa kipande cha bomba na bamba la chuma. Alipima umbali kwa mkono wa mdogo wake, si kwa wake, kisha akainua kioo mpaka ukingo wa juu ukalingana na nyusi za binti. Sindano alikuwa ameshachomeka kebo kwenye tundu la juu nyuma ya kompyuta. Fundi akaichomoa, akamwambia huo ni mlango wa wageni, wenyeji hupita chini, kwenye kadi ya picha. Mwisho akafungua mipangilio, akapandisha sitini ikawa mia moja arobaini na nne. Alieleza kwamba watu wengi hununua farasi kisha wakamwacha amefungwa kamba, maana monita haijipandishi yenyewe.

Sindano alishika kipanya, akazungusha mara moja, mara mbili. Mshale ulipita kiooni kama mafuta juu ya sahani. Alimkumbatia kaka yake shingoni mpaka fundi wa watu akakosa pumzi.

"Mwanafunzi kashampita mwalimu," mama alisema bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Sasa mwalimu kazi yake kubeba madaftari."

Wakacheka wote, Fundi akiwemo. Na ilikuwa kweli. Yeye ndiye aliyemfundisha gemu hili binti akiwa na miaka minane, akimpakata ili mikono ifike mezani. Yeye pia alijaribu mara mbili kuingia timu kubwa ya mji, na mara ya pili kocha alimwambia kwa adabu yote kwamba ana akili ya mchezo ila vidole vyake vimechelewa kuzaliwa. Sasa timu hiyo hiyo ilitangaza nafasi moja, na kati ya mamia walikuwa wamebaki wawili: Sindano na kijana mmoja wa mbali. Atakayeshinda angehamia nyumba ya timu, apewe mshahara, kitanda na mlango wa kufunga. Sindano, ambaye mitihani ya shule ilikuwa imemkataa mara mbili, hakuwa na mlango mwingine wowote. Akishindwa, mama alikuwa ameshasema, kuna cherehani ya pili chini ya kitanda.

Huenda Fundi asingefanya kitu. Huenda nukta ingebaki siri ya pembeni, kama kovu la mtu usiyemjua. Lakini jioni moja Sindano, akitafuna kalamu, alimwambia kwa moyo mweupe kabisa: "Nikipata, kaka, nitawaomba wakuchukue uwe fundi wetu." Neno hilo, wetu, lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Alijibu asante. Usiku mzima alilimeza na halikushuka.

Tangu siku hiyo alizoea kukaa nyuma ya mdogo wake akimtazama anavyofanya mazoezi. Wiki tatu Sindano alicheza mbele ya nukta ile na hakuiona hata mara moja, maana jicho lenye furaha ni jicho pofu. Fundi naye hakuona kingine. Aliitunza kama kisu ndani ya kitambaa, na kila siku akahakikisha bado ipo.

Mchuano ulikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, kwa mtandao, kila mmoja akiwa kwao. Saa tisa kasoro dakika kumi na tano Fundi alikuja na kitambaa laini, akasema ngoja nikufutie vumbi. Akafuta pembe nne. Akashuka chini kidogo ya katikati, akafuta. Akapulizia pumzi, akafuta tena, taratibu, sehemu ile ile.

"Pana nini?" Sindano akauliza.

"Hapana kitu."

"Mbona unasugua?"

"Nilidhani uchafu, kumbe pikseli imekufa. Usiijali. Kama hujaiona mpaka leo, achana nayo."

"Ipi?"

"Mdogo wangu, mambo mengine bora mtu asionyeshwe."

"Nionyeshe, kaka."

Alitaka aombwe, na sasa alikuwa ameombwa. Akaweka ncha ya ukucha. Sindano akasogea, akakunja macho, akaiona. Fundi alimwona akiiona: mabega yalipanda kidogo, kama ya mtu aliyeguswa na maji baridi.

"Ukiisahau haitakusumbua," alimwambia, na akaenda kukaa kitini.

Katika gemu lile, kichwa cha adui aliye mbali sana ni nukta nyeusi. Hilo Fundi alilijua vizuri, kwa kuwa ndilo somo la kwanza alilomfundisha: usingoje uone mtu, piga nukta. Mshindi alikuwa wa kwanza kufikisha kumi. Sindano alianza kwa kupiga risasi ukutani, mahali pasipo na mtu, na mlio ukamwonyesha mpinzani alipojificha. Moja bila, kwa mpinzani. Raundi ya pili alijizuia, akaamua ile ni pikseli tu, na ilikuwa kichwa. Mbili bila. Tangu hapo kila nukta ikawa swali, na mwenye kuuliza maswali katika mchezo ule hufa akiuliza. Aliinamisha shingo kuikwepa, akainyoosha, akafunga jicho moja. Mama aliacha kushona. Kumi kwa tatu.

Sauti ya kocha ilisikika hadi nje ya spika za masikioni, sauti ya mtu mwenye haraka. Alimwambia kwamba ana mkono mzuri ila anashtuka na vivuli, na timu haiwezi kulisha mtu anayeshtuka na vivuli. Akamtakia kila la heri.

Mama aliuliza imekuwaje. "Macho yangu," Sindano alisema. Alimgeukia kaka yake. "Uliiona lini?"

"Leo. Nilipokuwa nafuta."

Aliitikia kwa kichwa. Jumatatu, Fundi akiwa ametumwa na tajiri kwa mteja, Sindano alikwenda dukani peke yake kuuliza kama kioo kinaweza kubadilishwa. Tajiri alivuta faili. Kanuni ya duka lile ilikuwa kwamba kila monita iliyotumika hupimwa kwa rangi tano, na fundi huandika alichokiona na kutia saini. Fundi, ambaye mdomo wake ulinyamaza, hakuwa amewahi katika miaka sita kuijaza uongo karatasi ya vipimo. Mkono wake ulikuwa na heshima ambayo yeye hakuwa nayo. Kwa mwandiko wake mzuri ulikuwa umeandika: nukta moja iliyokufa, chini ya katikati. Chini yake, saini. Na tarehe: siku ile waliyoinunua.

Fundi aliporudi nyumbani jioni alikuta nakala ya karatasi ile imelazwa juu ya kibodi. Alingoja kelele, na alikuwa ametayarisha ya kusema, maneno mengi. Sindano hakupiga kelele wala hakumwonyesha mama. Alivuta kigoda, akakiweka karibu na kiti chake, akajaza kioo weupe mtupu.

"Kaa, kaka. Nionyeshe tena ipo wapi."

"Sindano."

"Macho yangu mabaya. Nionyeshe."

Akanyoosha kidole, akagusa. Sindano akasema asante, akavaa spika zake, akaanza mazoezi.

Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa. Hakucheza raundi hata moja kabla kaka yake hajatoka kazini, akakaa kwenye kigoda, akaonyesha. Asipoonyesha, msichana aliketi tu ametazama kioo cheupe, mikono mapajani, hata saa nzima. Mama alisifu. Aliwaambia wateja wake kwamba ndugu wa siku hizi hugombana kwa kijiko, lakini hawa wake wanapendana, hata gemu hawachezi mmoja bila mwenziwe.

Siku ya kumi na moja Fundi alizunguka mitaani makusudi mpaka akaona haya kwa kupita mbele ya duka moja mara nne. Alipofungua mlango, sebule nzima ilikuwa nyeupe kwa mwanga wa kioo. Mama alikuwa akikunja vitambaa.

"Umechelewa, baba," alimwambia. "Mwenzio kakusubiri, hata chakula kakataa."

Sindano hakugeuka. Alisogeza kigoda kwa mguu. Fundi akavua viatu, akakaa, akanyoosha kidole.