Nyumba ya Chokaa

Fundi cherehani alikuwa na jambo moja lililomkosesha usingizi: mama yake mzazi alikuwa analala dukani, chini ya meza ya kukatia vitambaa, na magoti ya bibi wa watu yalishaanza kugoma. Kiwanja fundi alikuwa nacho. Kilichobaki ni mkopo wa kujenga kutoka chama cha akiba na mikopo, alichokichangia tangu usichana wake.

Sasa chama hicho kilishapigwa changa la macho na mwanachama mmoja aliyeinywa nyumba yake yote baa kabla hajachimba msingi. Tangu hapo kamati ikapitisha sheria kwamba mkopo wa kujenga hautoki mpaka nyumba ionekane kwa macho. Ukiwauliza itaonekanaje kabla ya kujengwa, wanakuambia usiwaletee ujuaji.

Fundi hakubishana. Gauni yeye huanza kulichora, basi na nyumba akaichora vivyo hivyo, kwa chokaa juu ya ardhi, kwa ukubwa wake kamili, na upindo wa ziada kila upande endapo ingebana. Mama akaingia chumbani kwake na kiti, akakaa.

Kamati ikaja. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, alivua viatu mlangoni. Mhazini, mwenye bucha, akakatiza moja kwa moja hadi sebuleni.

"Mhazini, umepita ukutani," mwenyekiti akamwambia.

Mhazini akarudi akapita mlangoni, uso umemshuka. Wakakagua kila chumba. Wakalalamika kwamba korido ina giza.

"Nyumba nzuri, hongera," mwenyekiti akasema. "Ila mkopo huupati. Huu ni wa kujenga, na wewe umeshajenga."

Fundi alipandwa na hasira. Akaukanyaga ukuta wa sebule, akaufuta wote kwa kandambili.

"Utatuua wewe fundi," mwenyekiti alisema, naye keshafika nje, kichwa kakifunika kwa mikono. Mhazini alikuwa amemtangulia, na safari hii alipita dirishani.

Wakiwa nje ndipo wakakumbuka kuna mtu ndani.

"Bibi, toka, nyumba inaanguka," mhazini akamsihi.

"Sitoki," mama akajibu. "Maisha yangu yote nimelala kwenye vyumba vya watu. Hiki ni changu. Kikiniangukia, kiniangukie."

Mwenyekiti na mhazini wakanong'onezana. Mwanachama mwenye nyumba mbovu na mzee ndani yake, sheria ilimruhusu kupewa mkopo wa ukarabati siku hiyohiyo.

"Haya, fundi," mwenyekiti akauliza, kalamu mkononi, "kimeharibika nini?"

"Kuta," fundi akasema. "Paa. Na msingi."

"Pole sana," mwenyekiti akasema, akatia sahihi.

Mafundi ujenzi walipofika na majembe, mama alikuwa bado amekaa palepale. Fundi akamshika mkono ili wapishe kazi.

"Waambie wajenge kunizunguka," mama akasema. "Mimi nikiinuka hapa, mwanangu, nitajuaje kama nitarudi?"

Fundi akaenda kuwaambia wale vijana waanze na chumba hicho, tena wachimbe taratibu.