Sabuni ya Makonyo

Watu wa Tibirinzi walipofiwa na mwanamke, walimwita Bi Mwanawema aje akoshe maiti. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, naye akiifanya kwa upole, akimsemesha marehemu kwa sauti ya chini. Lakini mwaka 1958 choa kilimwingia mikononi. Ngozi katikati ya vidole ikawa nyeupe, ikachanika, ikatoa maji. Dawa ya zambarau aliyopewa hospitali ilimwachia rangi tu. Polepole watu wakaacha kumwita, na hakuna aliyemwambia sababu.

Aliyemwonea uchungu ni jirani yake Mwatima, mwanamke kijana aliyepika sabuni ya mafuta ya nazi akiuza sokoni Chake. Kwanza alijaribu kutia majani ya mwarobaini, hayakufaa kitu. Msimu wa karafuu ulipofika akachemsha makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, na maji yake akapikia sabuni nyingine.

“Mkono wa kulia uoshe kwa hii,” alimwambia Bi Mwanawema, “wa kushoto kwa sabuni tupu, kila mmoja na bakuli lake. Tukiitia kote, hatutajua kama ni dawa au umepoa wenyewe.”

Bi Mwanawema alikubali. Ilimuwasha sana, akavumilia. Mkono wa kulia ukaanza kukauka, kisha ngozi mpya ikaota. Wa kushoto ulibaki vilevile. Alitaka sasa aoshe yote miwili kwa makonyo, lakini Mwatima akamsihi angoje mwezi uandame, wapate uhakika, maana kina mama wengi walikuwa na choa na hakutaka kuwauzia uongo.

Kabla mwezi haujaandama, Mwatima alishikwa na homa kali. Alifariki alfajiri.

Bi Mwanawema alikwenda mbio na kanga zake za kazi. Mlangoni mwa chumba alisimama Bi Mwanakhamis, mama wa marehemu. Alimtazama mikono, akamshika ule wa kushoto.

“Mwanangu alikupenda,” alisema. “Lakini kwa mkono huu, niwie radhi, siwezi.”

Bi Mwanawema alitaka kumweleza kwa nini mkono ule haukupona. Akaona si pahala pake. Alikaa uani na wanawake wengine, akisikia maji yakimwagwa upande wa pili wa ukuta na mtu mwengine.

Baada ya matanga alimaliza kipande cha sabuni ya makonyo kilichobaki kwa mkono wa kushoto, ukapona. Sabuni alijifunza kuipika, na kina mama wakaitumia. Watu wakaanza kumwita tena. Siku ya kwanza alimkosha bibi mmoja wa mtaani, akamaliza kazi vizuri, akashukuriwa. Aliporudi nyumbani aliketi jikoni akalia, na mumewe Silima alipomuuliza nani amemuudhi, alimnyooshea mkono wa kushoto, akasema, “Huu ulichelewa kwa Mwatima.”