Ipitiwe na Mwenye Lugha

Jumatatu asubuhi, katika chumba cha mikutano cha taasisi ya kuchimba visima, Mkurugenzi alifungua ripoti ya mwaka, akavaa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti ya kike yenye mafua. Sauti ilikuwa ya mwanamke aliyeketi mwisho wa meza, karibu na birika la umeme. Ofisi nzima ilimwita Dada Ripoti kwa kuwa ndiye aliyeziandika, kwa Kiingereza, ili wafadhili wazisome. Ukurasa ule aliuandika pua ikiwa imeziba. Sasa alikuwa amepona, na mafua yalikuwa kwa Mkurugenzi.

Mhasibu alimsogezea bosi boksi la tishu. Mtu wa ugavi aliomba mlango ufungwe, jenereta la jirani linapiga kelele. Mkurugenzi alimaliza ukurasa, akafuta pua isiyo na kitu, akarudi kwenye sauti yake nene ya kiume.

"Maudhui ni mazuri," alisema. "Ila hii sauti si ya taasisi."

"Kuna kosa mstari gani?" Dada Ripoti aliuliza.

"Si mstari. Nasema kwa ujumla. Ipitiwe na mwenye lugha."

Akayaandika maneno hayo juu ya jalada kwa kalamu nyekundu, kama kila mwaka. Mtu akikwambia kosa lipo kwa ujumla, jua amelitafuta akalikosa. Dada Ripoti alilijua hilo, lakini alikusanya vikombe vya chai kwa sababu alikuwa karibu navyo.

Mwenye lugha alikuwa Bwana Mkato. Yeye alizaliwa ndani ya Kiingereza kama wengine wanavyozaliwa ndani ya nyumba ya urithi, na hiyo ndiyo ilikuwa shahada yake. Alikaa kwenye chumba chenye kiyoyozi, akatia alama za mkato mahali ambapo hakuna aliyeomba kupumzika, akang'oa neno zuri na kupanda jingine la umri uleule. Ripoti ilipochapwa, jalada lilikuwa na majina mawili, la Mkurugenzi na la Bwana Mkato. Dada Ripoti aliwekwa kwenye ukurasa wa shukrani, mwisho kabisa, bila jina, pamoja na madereva na wapishi, katika kundi la wote waliotusaidia. Hakuwa na ugomvi na madereva wala wapishi. Ila wao hawakuwa wameandika ripoti.

Kiingereza chake alikipata shuleni na kwenye vitabu vya kuazima, akakisugua miaka na miaka mpaka kikamkaa mwilini. Alikiota. Aliwagombeza kwacho watu wa umeme kwenye simu, na umeme ukarudi. Kila jioni alikuwa akimsomea mama yake alichokiandika mchana. Mama alikuwa fundi cherehani, macho yake sasa hayaoni uzi, na Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Lakini alitega sikio kama zamani alivyokuwa akipitisha kidole kwenye mshono.

"Hapo pamejikunja," angesema.

Dada Ripoti angerudi kwenye sentensi ile, na kweli pamejikunja. Angeinyoosha, angeisoma tena, na mama angesema, "Haya, twende." Hakuna sentensi iliyotoka kwenye nyumba ile bila kupita kwenye sikio hilo.

Hakuna aliyekumbuka vizuri sauti ilianza lini kukaa kwenye karatasi. Wafanyakazi waliichukulia kama walivyoichukulia mashine ya kunakili inayotafuna pembe za karatasi: tabia ya ofisi. Yeyote aliyesoma kwa sauti alisoma kwa sauti ya Dada Ripoti. Sura aliyoiandika akiwa na njaa ilimfanya mhasibu, alipoisoma, aagize chakula saa nne asubuhi. Wafadhili waliposomeana ripoti kwenye ofisi zao za mbali, walizungumza kama yeye, na matamshi yake yote, wanaume na wanawake, kisha wakatuma barua ya kupongeza ufasaha wa Mkurugenzi.

Safari hii Bwana Mkato alifanya kazi kwa bidii. Alitia mikato mingi kuliko kawaida, akajifungia, akasoma kwa sauti kujipima. Ilitoka sauti ya Dada Ripoti ileile, isipokuwa sasa inahema kama mtu aliyepandishwa ngazi bila sababu. Akaifuta sura ya tatu yote, akaiandika upya kwa mkono wake. Ile ilisomeka kwa sauti yake mwenyewe, safi kabisa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeelewa visima viko wapi wala maji ni ya nani. Mkurugenzi alimwambia airudishe ya zamani, akairudisha, na kwenye jalada jina lake likabaki palepale.

Hapo Dada Ripoti alipiga moyo konde, akagonga mlango wa Mkurugenzi.

"Bosi, ripoti nitakayoandika kwa ajili ya mkutano mkuu wa maji nataka iwe na jina langu. Juu, kwenye jalada."

Mkurugenzi alimkaribisha kiti. Alianza kumpaka mafuta: hakuna kama wewe, bila wewe tungekuwa wapi, hata mke wangu anakusifu. Kisha akashusha sauti.

"Tatizo ni wasomaji. Wakiona jina lako, wataanza kutafuta makosa."

"Watayapata?"

"Hawatayapata. Lakini watatafuta. Unaona inavyochosha?"

"Wakisoma wanaongea kama mimi, bosi. Wanachoka?"

"Ndiyo maana nashangaa," Mkurugenzi alisema kwa upole. "Sauti yako imo humo, kila mtu anaisikia. Jina la nini tena?"

Aliondoka pale akiwa na hasira za kutosha kupikia. Hakulia. Alirudi kwenye meza yake, akaitazama kompyuta, akagundua jambo lililomuuma kuliko maneno ya Mkurugenzi: miaka yote alikuwa anaandika kwa adabu. Alifunga mlango, alisafisha koo, alikaa wima, alipunguza pumzi, kama mgeni anayeogopa kuchafua kochi. Akaichukua kompyuta, akaenda kuandikia nyumbani, jikoni, mlango wazi.

Kiingereza hakukiharibu. Hilo alikuwa nalo makini. Asingempa mtu hata herufi moja ya kushikia. Kila sentensi ilikuwa imenyooka. Lakini safari hii aliandika huku anaishi. Alicheka alipotaka kucheka. Alipofika kwenye kisima kilichochimbwa kwenye ua wa kiongozi badala ya karibu na zahanati, alisonya, sonyo refu la moyoni. Mama aliita kutoka uani na yeye akaitika huku vidole vinaendelea.

"Mwanangu, maziwa yanafurika!"

"Abee, mama! Nakuja!"

Jioni alimsomea. Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kusema pamejikunja hata mara moja, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Hayo kaandika nani?" mama aliuliza. "Mbona leo yamenyooka hivyo?"

Dada Ripoti alikuwa anaongeza mstari wa mwisho. "Nimeandika mimi, mama," alisema, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi. "Mimi mwenyewe."

Mkutano mkuu wa maji ulirushwa moja kwa moja redioni. Yeye hakualikwa, nafasi zilikuwa mbili, zikaenda kwa wenye jalada. Alikaa sebuleni na mama, redio katikati yao juu ya kigoda, na alasiri Mkurugenzi akapanda jukwaani na kuanza kusoma. Mama aliongeza sauti.

"Si wewe huyo?"

"Ni mimi, mama."

"Na aliyesimama pale?"

"Ni Mkurugenzi."

Mama aliliweka hilo moyoni, akaendelea kusikiliza. Mkurugenzi alisoma vizuri. Alicheka kicheko cha Dada Ripoti mbele ya mawaziri. Kwenye kisima cha ua wa kiongozi alisonya, na mawaziri watatu wakatazama viatu vyao. Katikati ya sura ya pili alikatiza takwimu na kusema, kwa lugha ya nyumbani, "Abee, mama! Nakuja!", kisha akaendelea na takwimu.

"Nimekuita mimi?" mama aliuliza.

"Siku ile ya maziwa."

"Yalimwagika nusu yale."

Mwishoni Mkurugenzi alivua miwani, akawatazama wajumbe, na kinywa chake kikasema: "Nimeandika mimi, mama. Mimi mwenyewe." Wakalimani, waliokuwa kwenye vibanda vyao vya vioo, walitafsiri maneno hayo kwa lugha zote tano bila kuacha hata moja, na kila mtu ukumbini akayapata sikioni kwa lugha anayoielewa. Waliyaelewa. Walisimama wakapiga makofi. Baada ya hapo mtangazaji alisema nishani ya uandishi bora imekwenda kwa Mkurugenzi, kwa sauti yake tuliyoizoea, na kwa Bwana Mkato, aliyempa Kiingereza chake.

Mama alizima redio.

"Wamesikia?"

"Wamesikia, mama. Na wakalimani wamewatafsiria."

"Na nishani wamempa yeye."

"Wamempa yeye."

Mama alipapasa ukingo wa kitenge chake kwa vidole kama anayetafuta mshono ulioachia. Dada Ripoti aliumia, na safari hii machozi yalimtoka, ya hasira, machache, akayafuta kwa kiganja.

"Kwenye sura ya pili," mama alisema, "palijikunja mara mbili. Pale si wewe."

"Ni Bwana Mkato."

"Nilijua. Mkono wa mtu haufichiki."

Nishani ilitundikwa kwenye korido, jirani na kizimamoto. Wiki ileile karatasi ya kazi mpya ilifika kwenye meza ya Dada Ripoti: ripoti nyingine ya mwaka, na juu yake, kwa wino mwekundu, hata kabla hajaandika neno, ipitiwe na mwenye lugha. Aliisoma mara moja. Akaenda nayo nyumbani, akaweka kompyuta juu ya kabati la vyombo, akakitoa kiti jikoni na kukipeleka uani.

Mama alisikia miguu ya kiti ikiburuzwa.

"Mbona unaondoa kiti?"

"Hii naandika nimesimama, mama."

"Miguu haitakuuma?"

"Itauma."

"Basi vaa viatu vizuri," mama alisema, akasogeza sikio karibu.

Aliandika jioni zote za msimu ule akiwa wima. Hakupunguza kitu. Aliweka kila kisima, kina chake, mtaa wake, jina la fundi aliyekichimba na la mama wa kwanza kuchota. Ripoti ilipomfikia Bwana Mkato, aliagiza meza yenye miguu mirefu kutoka stoo, akasema mgongo unamsumbua, na hakuna aliyemuuliza zaidi.

Jumatatu, katika chumba kilekile, Mkurugenzi alifungua ripoti mpya. Jalada lilikuwa na majina mawili, yaleyale. Alivaa miwani, akafungua kinywa, na kabla neno la kwanza halijatoka akasimama. Mtu wa ugavi akavuta kiti cha bosi kando ili kisimsumbue. Mhasibu akamsogezea glasi ya maji. Mkurugenzi alisoma utangulizi kwa sauti ya Dada Ripoti, akasoma orodha ya maeneo, akahamisha uzito kutoka mguu wa kulia kwenda wa kushoto. Bwana Mkato, aliyekwisha kuipitia yote, alikuwa ameegemea ukuta akijikanda kiuno, na alimtazama kwa huruma ya mtu anayejua kilichobaki.

Mwisho wa sura ya kwanza Mkurugenzi alikunywa maji, akapata sauti yake mwenyewe.

"Ni ndefu kiasi gani hii?" aliuliza.

"Kwa ujumla," alisema Dada Ripoti, "ni ndefu."

Mkurugenzi akafungua sura ya pili. Dada Ripoti alijimiminia chai kutoka kwenye birika, akaegemea kiti chake, akajisikiliza.