Jemedari Anacheza

Kinyozi huyu alikuwa na mdomo kuliko mashine zake zote, na tangu alipomnunua yule samaki, jamani, hapakukalika.

"Tazameni wenyewe!" aliwaambia wateja, wembe ukiwa bado juu ya shingo ya mtu. "Nani kasema samaki wa kufugwa hana raha? Huyu anacheza tangu asubuhi."

Na kweli, ukimtazama ungeapa anacheza. Hakuzidi kidole gumba, buluu iliyokolea, na mapezi marefu kuliko mwili. Ni samaki wa wale wanaoitwa wapiganaji, kwa hiyo kinyozi akampa jina la Jemedari, akamweka ndani ya jagi pana la kioo kwenye rafu, kati ya kopo la poda na chupa ya spiriti. Mbele ya rafu kulikuwa na kioo kikubwa cha ukutani, na nyuma, juu ya benchi la wanaosubiri, kioo kingine, ili mteja aone kisogo chake bila kujinyonga shingo. Hapo katikati Jemedari alivimba, akatanua mapezi, akafungua mashavu, akaenda mbele, akageuka, akarudi. Wateja wakampigia makofi.

Benchini mabishano hayakuisha. Fundi viatu wa mlango wa pili, ambaye hakuwa na unywele hata mmoja wa kunyolewa lakini hakukosa siku, alikuwa mbishi kuliko wote.

"Furaha gani? Mtu kafungiwa kwenye jagi!"

"Kwani anakosa nini?" kinyozi akamrukia. "Chakula analetewa. Kodi halipi. Hana mke wa kumuuliza ametoka wapi."

"Basi ndiyo maana anacheza," fundi viatu akasema, na benchi zima likaangua kicheko. Kinyozi naye akacheka, ila kwa shingo upande, maana mkewe alikuwa amehama na mtoto tangu mwaka uliopita, na pale hapakuwa na asiyejua.

Sasa mke huyo alikuwa amepata kazi ya kushona kiwandani, mji mwingine, na Jumapili anaondoka. Walikuwa na binti mmoja tu, wa miaka minane, waliyezoea kumwita Kijino. Mama mtu alisema wazi: "Mimi sitamburuta mtoto. Jumamosi atasema mwenyewe, anakuja na mimi au anabaki na baba yake."

Kinyozi alimtaka Kijino kuliko kitu chochote duniani. Alitaka pia mama wa mtoto apande gari huku akijua kwamba ameshindwa. Mambo hayo mawili aliyataka kwa pamoja, na ungemuuliza lipi alilitaka zaidi, angekutukana.

Kijino alishinda naye kila Jumamosi. Siku moja, pua yake ikiwa imegusa jagi, aliuliza, "Baba, kweli anafurahi?"

"Sana."

"Umejuaje?"

"Si unamwona anavyocheza? Umeona wapi mwenye huzuni akacheza?"

Mtoto akafikiri. "Hata mimi ningekaa hapa ningefurahi," akasema. Tangu siku hiyo kinyozi alimwona Jemedari kama wakili wake.

Katikati ya wiki, mama mwenye duka la samaki wa mapambo, aliyemuuzia Jemedari, akaja kupunguza nywele. Aliketi, akafungwa kitambaa shingoni, akainua macho kwenye rafu, na palepale akataka kusimama.

"Huyu umemweka hapa tangu lini?"

"Ana mwezi. Anacheza huyo, we acha tu!"

"Anacheza nini? Toka lini? Huyo anapigana! Anaona mwenzake kioo cha mbele, anamtishia. Akigeuka kumkimbia, anamkuta kioo cha nyuma. Wewe baba huna huruma? Mwezi mzima hajapata pa kupumzikia."

Kinyozi akajikohoza. "Sasa nifanyeje?"

"Mfunike. Mtilie majani ajifiche, umwache atulie. Usipofanya hivyo atakufa kwa kuchoka, na usije dukani kwangu kulia."

Alimfunika kwa taulo, akamtilia majani, kwa kweli alifanya, na heri angeishia hapo. Jemedari alishuka chini ya jagi akatulia, mapezi yake yamechanika kwenye ncha, anapumua taratibu. Lakini wateja wakaanza. Samaki kafanywaje? Karogwa? Mbona kapooza?

"Sasa hivi ndiyo anafurahi," fundi viatu akasema. "Mwache."

"Huyu amenuna," kinyozi akajibu. Ndivyo alivyokuwa kinyozi huyu. Hata mkewe, kila alipokaa kimya akipumzisha miguu yake, aliambiwa amenuna.

Jumamosi asubuhi alifuta vioo vyote viwili mpaka vikang'aa, akatoa taulo, akatoa na majani.

"Nisitiri leo tu," akamwambia samaki. "Kesho utalala mpaka uchoke."

Alijua alichokuwa akifanya. Aliambiwa, akasikia, na walioambiwa pamoja naye walikuwapo.

Kijino aliletwa na mama yake, akaachwa mlangoni. Jemedari alikuwa tayari amevimba. Mtoto akapiga makofi, akavuta kigoda, akaketi mbele ya jagi kama mtu aliyekata tiketi. Ilipofika mchana samaki alikuwa akienda hatua mbili, anasimama, anayumba.

"Baba, amechoka?"

"Wapi! Anadeka huyo." Kinyozi akachukua kioo cha mkono, kile cha kumwonyesha mteja kisogo, akampa. "Msogezee hiki karibu kabisa. Utaona vituko."

Jemedari aliruka kama aliyepigwa. Kijino akacheka mpaka akashika tumbo.

"Tena, baba?"

"Tena, mwanangu! Huyo ni wako."

Jumamosi wateja ni wengi. Kinyozi alinyoa huyu, akamfuta poda yule, mgongo wake ukiwa kwa mtoto, na kila kicheko kilipopanda nyuma yake moyo ulimwambia, huyu ni wangu sasa. Fundi viatu aliinuka mara moja na kusema, "Bwana, yule mama si alisema..." Kinyozi akamkata jicho, naye akaketi.

Jioni vicheko vikakoma.

"Baba. Amelala ubavu."

Kinyozi aligeuka. Jemedari alikuwa akielea juu ya maji. Shavu moja lilifunguka kidogo, likafunga, halikufunguka tena. Na saa hiyohiyo mlangoni akaingia mama Kijino, begani amebeba begi la mtoto, zipu imefungwa, kandambili zimechomekwa pembeni.

"Haya, vitu vyake hivi," alisema kabla hajaona chochote, na sauti yake haikuwa na ugomvi. "Tangu jana jioni alishaniambia anabaki na wewe. Nilimwachia leo tu, labda atabadili mawazo." Kisha akamwona mtoto. "Kuna nini?"

"Jemedari amekufa," Kijino akasema.

"Amekufaje?"

Benchi zima likamtazama kinyozi. Hakuhitaji hotuba. Angesema tu kwamba aliambiwa na akapuuza, basi, watu wangeguna, mkewe angemsema kidogo, na begi lingebaki. Lakini kukiri kosa mbele ya mwanamke yule! Afadhali afe.

"Si huyu mtoto," akasema. "Kutwa nzima anamsumbua na kioo. Nimegeuka kidogo tu, ameshamuua."

Jumba bovu likamwangukia mtoto wa miaka minane.

Kijino alitazama kioo mkononi mwake, akakilaza mezani polepole, kwa mikono miwili. "Ulisema anafurahi," akanong'ona.

"Nilisema umchezeshe. Sikusema umuue."

"We kinyozi!" fundi viatu akasimama. "Mwogope Mungu! Mwambie mtoto kweli!"

"Nenda kashone viatu vyako!"

Mama mtu aliwatazama hawa wawili, akapiga magoti mbele ya bintiye, akamfuta uso kwa kiganja. "Basi, mama. Ni bahati mbaya. Unabaki na baba, siyo?"

Kijino akatikisa kichwa.

"Si ulisema unabaki?"

"Sijui mtu akichoka anakuwaje," mtoto akasema. "Nilidhani anafurahi. Nikibaki nitamuua hata baba."

Mama akanyanyua uso kumtazama mumewe. Alingoja. Hata baada ya yote yale alimpa nafasi, na kinyozi aliijua, na roho ilimuuma kama jipu. Akafungua mdomo.

"Bwana, samahani," akasema mteja aliyekuwa kitini, kichwa kimenyolewa upande mmoja. "Mimi nina safari."

Kinyozi akageuka kwa mteja wake. Mama akalirudisha begi begani, akamshika mtoto mkono, wakatoka. Kinyozi alipowasha mashine ilimbidi aishike kwa mikono miwili, na mteja akamwuliza kama anaumwa, naye akasema hapana, yuko sawa kabisa.