Eda ya Mboni na Kura ya Kisarawe

Kata iligonga ukingo wa mtungi, ti, kisha kimya. Alfajiri ilikuwa bado. Bi Mwanamkuu alikuwa macho kwenye mkeka wake, akajua mara moja kwamba mke wa mwanawe anatawadha, na anachota maji polepole asimwamshe. Ndivyo alivyokuwa Mboni. Hata katika msiba wake mwenyewe alinyata ili wengine wapate kulala.

Siku hiyo ilikuwa siku ya kura ya Baraza la Kutunga Sheria, mwaka wa hamsini na nane. Katika nyumba zile za Kibaha, kando ya barabara ya Morogoro, mwanamke mwenye kura alikuwa mmoja tu, naye ni Mboni. Serikali ya Mwingereza haikumpa kura kila mtu. Ilimtaka aliyesoma hadi darasa la nane, au mwenye pato kubwa, au mwenye cheo. Mboni alifika darasa la nane kwa sababu baba yake, Mzee Mwinyimadi, alikuwa mbishi na hakusikiliza majirani waliomcheka. Mumewe Zahoro aliishia darasa la nne. Lakini ni Zahoro aliyempakia mkewe kwenye baiskeli akampeleka Kisarawe kwa njia za msituni kuandikishwa, na waliporudi, vumbi hadi kwenye kope, alimwita mama yake tangu uani: "Mama! Nyumba yetu ina kura!"

Mwezi wa Julai homa ikamchukua Zahoro kwa siku sita. Mboni akakaa eda: miezi minne na siku kumi, ndani, mbali na macho ya wanaume. Na kura ikaja katikati ya eda.

Maalim Shomari alipoulizwa alifikiri sana, kisha akasema mjane anaweza kutoka mchana akiwa na haja, ila jua lisimzamie njiani. Alale katika nyumba ya mumewe. Bi Mwanamkuu alishukuru, akadhani mambo yamekwisha. Kumbe bado Biubwa, dada wa marehemu mume wa Bi Mwanamkuu, shangazi yake Zahoro. Jioni ya jana alikuja, hata kukaa hakukaa.

"Wifi, kaburi la mtoto wa kaka yangu halijaota hata majani. Mkewe apande lori?"

"Maalim ametoa ruhusa."

"Maalim hatasengenywa kisimani. Tutakaosengenywa ni sisi. Akitoka kesho, mimi mlango huu sikanyagi tena."

Akaondoka. Neno likabaki kwa Bi Mwanamkuu. Mboni hakuomba wala hakulia. Alijua kwamba mama mkwe akisema kaa, atakaa.

Basi aliposikia kata ile, Bi Mwanamkuu aliinuka, akajifunga kanga, akasimama mlangoni pa chumba.

"Mboni."

"Abee, mama."

"Unataka kwenda?"

"Nataka. Lakini sitaki usemwe kwa ajili yangu."

"Nimeshasemwa sana mimi, na bado ninakula na kushiba. Swali, kisha uvae."

Bi Mwanamkuu alikuwa na mpango. Kama mjane ni lazima apite mbele za watu, basi asijulikane ni yupi. Aliwaomba majirani wawili, Biasha na mke wa Mwishehe, waje na kaniki zao. Wakaja kabla jua halijachomoza, Biasha akiwa na mihogo ya kuchemsha ndani ya jani la mgomba. Wanawake wanne wakajitanda kaniki nyeusi tangu utosini hadi miguuni, wakaacha upenyo mdogo wa kuonea. Waliposimama pamoja hata Bi Mwanamkuu mwenyewe ilibidi atazame miguu ajue Mboni ni yupi.

"Tumekuwa kama mafungu ya mkaa," alisema Biasha.

"Nyamaza, tuko msibani."

"Msibani ndiyo. Lakini si tunafanana?"

Lori lilikuwa la Maneno, Mnyamwezi aliyebeba mihogo kupeleka mjini, na siku hiyo alikuwa na magunia ya kushusha Kisarawe. Alipoona wanne wale barabarani alishika kichwa.

"Wazaramo! Kura moja mnaipeleka na ngoma nzima?"

"Mtani, funga mdomo uwashe moto," alisema mke wa Mwishehe. "Ninyi kwenu mnapiga kura na ng'ombe."

Maneno akacheka, lakini Bi Mwanamkuu aliona alichofanya baadaye. Alimshusha utingo wake kutoka kiti cha mbele aje kumsaidia, akasogeza magunia nyuma ya kichwa cha lori hadi yakawa kama ukuta, na nyuma ya ukuta ule akatandika turubai safi. Wanaume wengine waliopanda akawaweka upande wa pili. Hakuambiwa na mtu. Kisha akauliza, akiwa ametazama pembeni, "Mama, mnatakiwa kurudi saa ngapi?"

"Kabla ya magharibi, baba. Lazima."

"Nitawarudisha."

Wakashuka hadi mjini, wakaishika njia ya Pugu, wakapanda vilima. Walifika Kisarawe saa tano. Mstari ulikuwa mrefu mbele ya ofisi: walimu, makarani, wachuuzi Wahindi, mapadri wawili, wazee wenye kofia zilizofuliwa jana. Watu walipoona kaniki wakajua ni eda. Mzee mmoja akasogea, na wa mbele yake akasogea, mpaka mstari wote ukafunguka, na wale wanne wakapita hadi mlangoni bila ya mtu kuguna.

Ndani kulikuwa na meza, sanduku, na kijichumba cha pazia. Msimamizi alikuwa Mwafrika wa makamo mwenye miwani. Kando yake alisimama Mwalimu Laurentia wa shule ya misheni, aliyewekwa kuwasaidia wanawake. Kwenye benchi walikaa mawakala wa wagombea, na mmoja wao, kijana mwenye tai, akainuka walipoingia.

"Mpiga kura ni yupi?" aliuliza msimamizi.

"Huyu," alisema Bi Mwanamkuu, akimgusa Mboni begani. "Mboni binti Mwinyimadi. Yuko edani."

"Na hawa wengine?"

"Tumemsindikiza."

Kijana mwenye tai akatikisa kichwa. "Bwana msimamizi, napinga. Hapa wamekuja wanne, nguo moja, sura hazionekani. Huyu akitoka, mwingine anaingia, anasema yeye ndiye Mboni. Tutajuaje? Tutajuaje hata kama Mboni mwenyewe yumo?"

Hilo Bi Mwanamkuu hakuliwaza kamwe. Kitu alichokifanya ili kumsitiri mtoto ndicho kilichomfanya aonekane mwizi.

Msimamizi alivua miwani akaifuta. Alikuwa mtu mpole, ilionekana, lakini kanuni zilikuwa mezani. "Mama, huyu bwana ana haki ya kuuliza. Nikiwa sijui ni nani, siwezi kumpa karatasi. Afunue uso, au arudi nyumbani."

"Mimi nitamtazama chumba cha nyuma," alisema Mwalimu Laurentia. "Mimi ni mwanamke."

"Mwalimu, wewe unamjua?" aliuliza wakala.

"Simjui."

"Basi utatazama nini?"

Mkono wa Mboni ukatoka chini ya kaniki, ukaanza kupanda kuelekea usoni. Bi Mwanamkuu akauona, akaona pia macho ya wanaume wote mle ndani yakiusubiri, akaushika ule mkono na kuurudisha chini.

"Ngoja, mwanangu."

Akaifunua kaniki yake mwenyewe. Akaishusha hadi mabegani, akasimama mbele ya meza na mvi zake na macho yaliyovimba kwa miezi miwili ya kulia.

"Mimi ni Mwanamkuu. Sikusoma, sina kura. Aliyefariki ni mwanangu. Nitazameni vizuri, nikirudi hapa mara ya pili mtanijua." Akageuka. "Biasha."

Biasha akafunua. "Mimi ni Biasha. Hata jina langu siwezi kuandika, labda mniandikie."

Mke wa Mwishehe akafunua, akamkazia macho kijana mwenye tai.

"Amebaki mmoja," alisema Bi Mwanamkuu. "Huyo ndiye anayejua kusoma. Mpeni asome. Na alipoandikishwa aliweka sahihi. Mpeni kalamu aandike tena, mlinganishe. Hapo mtakuwa mmemwona kuliko kumwona pua."

Msimamizi alimtazama wakala. Msimamizi akanyoosha kidole ukutani lilipobandikwa tangazo. "Soma hilo, binti."

Mboni alikohoa kidogo. Kisha kutoka ndani ya kaniki ikaja sauti, ndogo mwanzoni, halafu ikasimama imara. "Kila mpiga kura atachagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, na Mzungu mmoja. Karatasi ambayo haikuchagua wote watatu itaharibika, wala haitahesabiwa."

Bi Mwanamkuu alifumba macho. Ilikuwa ni sauti ile ile aliyozoea kuisikia jioni kupitia ukutani, Mboni akimsomea mumewe gazeti, na Zahoro akisema, "Rudia hapo, rudia hapo." Hakujua mpaka leo kwamba alikuwa ameikosa.

Mlangoni mzee mmoja akapaza sauti: "Kumbe lazima watatu? Mimi nilitaka kumpa wetu tu, wale wengine wajitafutie!"

"Ungeharibu, mzee!" wakamjibu wenzake, wakacheka mpaka nje. Hata msimamizi alicheka.

Akaleta fomu ya kuandikishwa, akampa Mboni kalamu. Mboni akaandika. Vichwa vitatu vikainama juu ya karatasi mbili: msimamizi, Mwalimu Laurentia, na kijana mwenye tai. Ile M yenye mguu mrefu ilikuwa moja kwa zote mbili.

Kijana alirudi nyuma hatua moja. "Sina pingamizi," alisema. Kisha akamgeukia Bi Mwanamkuu, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama. Poleni na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa." Na moyoni hakuwa na kinyongo naye. Alikuwa mtoto wa watu, amepewa kazi.

Mboni akapita nyuma ya pazia. Alikaa huko kitambo. Alipotoka aliitumbukiza karatasi ndani ya sanduku, akasimama pale kidogo, kiganja juu ya kifuniko, kama mtu anayemlaza mtoto. Kisha wakatoka.

Mwalimu Laurentia aliwafuata na birika la chai na mkate, akawaweka nyuma ya ofisi mahali pasipopita wanaume ili Mboni afunue uso, anywe. Alikuwa Mkristo, lakini alikaa amewapa mgongo, amekabili njia, akilinda asije mtu.

Maneno alikwisha kushusha mizigo. Wakaondoka saa nane. Na wangefika mapema kabisa, lakini walipopita Kibamba gurudumu likapasuka. Jua lilikuwa limeshaanza kulala. Bi Mwanamkuu alikaa kando ya barabara akihesabu vivuli, na safari hii hakuweza kusema lolote la busara.

"Mama, usihofu," alisema Mboni.

"Sihofu." Alikuwa anahofu.

Abiria wanaume walishuka wote. Fundi cherehani aliyevaa kanzu nyeupe alilala chini ya lori na kanzu yake. Maneno hakufanya mzaha hata mmoja. Walipopanda tena aliliendesha lile lori likipiga kelele kama litagawanyika, akapita vituo viwili bila kusimama, na abiria waliotaka kushuka pale hawakulalamika. Walisema watarudi kwa miguu.

Walipofika Kibaha jua lilikuwa juu ya mikorosho, jekundu, limebaki upana wa mkono. Wanne wale walikaribia kukimbia. Na mlangoni pa nyumba, juu ya kigoda, alikuwa ameketi Biubwa.

Bi Mwanamkuu alisimama. Alikuwa tayari kwa maneno yoyote.

Biubwa alitazama jua, akawatazama wao, akatazama jua tena. "Nimekaa hapa tangu alasiri," alisema kwa ukali. "Watu wa kisimani wamepita mara tatu kuchungulia kama amerudi. Nikawaambia mjane yuko salama, amekwenda kwa ruhusa, na mwenye la kusema aniambie mimi shangazi."

Akainuka, akakisogeza kigoda kando ya mlango.

"Ingieni basi! Mnangoja lizame? Nimepika wali na kisamvu. Nyumba ya msiba mnaiacha bila moto?"

Mboni akavuka kizingiti. Huku nyuma, upande wa msikiti, Maalim Shomari akaanza adhana.

Ndani, Biubwa alimvua Mboni kaniki yenye vumbi kwa mikono yake mwenyewe, akaikung'uta, akaikunja. Alikuwa hamtazami usoni. "Uliandika?" aliuliza.

"Niliandika, shangazi."

"Vizuri?"

"Vizuri. Haikuharibika."

Biubwa akaitikia kwa kichwa mara nyingi, midomo imebana, na Bi Mwanamkuu, aliyekuwa akipakua wali, akageuka upande wa chungu ili wifi yake alie bila kuonwa. Walikula pamoja sinia moja. Biasha aliwasimulia habari ya mzee wa mlangoni, na Biubwa akacheka, akajizuia, akacheka tena.

Chakula kilipokwisha Biubwa alijitanda kanga yake, akasimama kuaga. Mboni hakuweza kumsindikiza nje, kwa hiyo alimshika mkono hapo hapo kizingitini, akaung'ang'ania.

"Shangazi," alisema, "kesho uje tena."