Nusu ya Mrututu

Kahawa ya Mektrida ilikuwa inaoza mtini. Punje za kijani zilikuwa na madoa meusi yaliyodidimia, ugonjwa ule ule wa chulebuni, na alikwisha kupuliza dawa mara mbili. Akizifinya zilitoa uji mweusi. Ulibaki mpulizo mmoja. Nao ukishindwa, mavuno ya mwaka yamekwenda.

"Dawa ni nzuri, Mama Stella," alisema jirani yake Kornel. Alichovya panga kwenye pipa la mrututu, ile chumvi ya bluu ya shaba, uliochanganywa na chokaa, akalitoa jeupe. "Umeona? Imekubali."

Ndivyo walivyopima tangu enzi za babu zao: panga likishika wekundu wa shaba, unaongeza chokaa, likitoka safi, unapuliza.

Mektrida alitolewa shule ili kaka zake wasome. Sasa, na miaka yake arobaini na moja, alikuwa akijisomea kemia ya kidato cha tatu. Swali la kitabu lilimkaa kichwani: ukichoma gramu ishirini na tano za mrututu hadi maji yake yote yatoke, zinabaki ngapi? Moli moja ya mrututu ni gramu mia mbili hamsini, na tisini kati ya hizo ni maji. Basi ishirini na tano zinapoteza tisa, zinabaki kumi na sita. Akapiga mstari chini ya jibu. Kisha akaligeukia kopo lake la mrututu, aliouchota kwenye mfuko wa kununua.

Kesho yake alishuka mjini Moshi kwa Prakash, sonara.

"Leo umeniletea dhahabu ya bluu, mama?"

"Nipimie gramu ishirini na tano, uichome kwa moto mdogo."

Ikachomwa, ikadatadata kama chumvi iliyoangukia motoni. Mizani ikasema ishirini na nusu. Zimepotea nne na nusu tu, nusu ya tisa! Basi nusu ya mfuko ni mrututu, na nusu ni chumvi iliyotiwa rangi. Na panga? Shaba nusu, chokaa ile ile: chokaa imeimeza shaba yote. Wekundu ungetoka wapi?

Jumamosi, mbele ya chama cha msingi cha ushirika, aliisoma hesabu yake hatua kwa hatua. Muuzaji wa mrututu huo alikuwa Primus, yule yule aliyekuwa karani wa chama, aliyevaa gwanda na kuwahubiria wakulima usawa mpaka soko lilipoachwa huria.

"Hizo moli ni wadudu gani, mama? Wanakula majani au mizizi?" aliuliza Primus.

Watu wakacheka. Walicheka, na kahawa yao inaoza!

Baadaye Primus alimvuta nyuma ya lori lake la mifuko, akamtilia mfuko mkononi. "Huu ni wa shambani kwangu, safi. Rudi useme ulikosea hesabu."

Mektrida alirudi, akaubwaga mezani. "Kanipa huu ninyamaze. Ule wenu haupulizi kwake."

Halafu Kornel akauliza, "Iko mingapi ya namna hiyo?"

Wakalivamia lori. Hakuna aliyemkamata Primus. Yeye ndiye aliyewapanga foleni, anatabasamu, na wazee wazima wanamwita mheshimiwa. Mifuko safi ilikuwa tisa. Waliokosa walibeba ya chumvi. Hata ule wa mezani uliondoka na mtu.

Mektrida alitema mate, akapanda mlima hadi kihambani kwake, shamba la nyumbani, mikono mitupu. Akaanza kuchuma punje zote, nzima na mbovu, na kuzifukia shimoni, walau ugonjwa usilale mtini hadi msimu ujao. Siku ya pili Kornel alisimama uani.

"Ile hesabu yako, Mama Stella, inaweza kupima na mbolea? Primus ameleta mbolea."

"Inaweza."

"Basi tupimie."

"Njoo na daftari ujifunze," alisema bila kugeuka. "Mimi simpimii mtu tena."